Kurekodi ndani ya kinanda: anza na kodi, melodi ifuate

Kumbukumbu ya ndani ya kinanda haitunzi sauti, inatunza maagizo: kii gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa lini, na kwa toni ipi, yaani sauti ya chombo gani, kama piano au filimbi. Ndiyo maana unaweza kurekodi wimbo mgumu kwa mwendo wa mapigo 70 kwa dakika kisha ukausikiliza kwa 110, na sauti isiwe nyembamba kama kanda iliyokimbizwa. Na ndiyo maana simu uliyochomeka kwenye tundu la AUX IN haiingii humo kabisa.

Nachukua kinanda cha Yamaha PSR-E463 kama mfano. Ina nafasi ya nyimbo 10, kila wimbo traki 6, yaani njia zinazorekodiwa moja moja na kusikika pamoja: traki 1 hadi 5 za melodi, na traki A ya biti (mdundo unaopigwa na kinanda chenyewe) na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Nafasi yote ni noti 19,000 hivi ukirekodi melodi tupu, na hizo ni za nyimbo zote 10 kwa pamoja, si za kila wimbo. Ikijaa, kurekodi hukatika katikati ya wimbo.

Watu wengi hubonyeza kitufe cha kurekodi, REC, na kupiga mikono yote miwili kwa mkupuo. Inafanya kazi, ila kosa la kodi moja linakulazimisha kurudia yote. Mimi nashauri utenganishe. Chagua biti, weka mwendo, washa ACMP (kitufe kinachofanya biti ifuate kodi za mkono wa kushoto) kabla ya kugusa REC, kwa sababu ukishaingia kwenye kurekodi ACMP haiwashiki wala haizimiki. Kisha shikilia REC, bonyeza A, piga kodi tu mpaka mwisho. Biti utakayoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo. Unachoweza kubadili njiani ni sehemu zake.

Ukimaliza, shikilia REC, bonyeza 1, weka melodi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kinanda huanza kurekodi pale unapogusa kii ya kwanza, kwa hiyo filimbi iliyotakiwa kuingia baa ya 5 inatua baa ya 1 na wimbo mzima unakwenda mrama. Anzisha kwa START/STOP badala ya kii, hesabu baa nne kimya, ndipo uingie.

Noti za chini zikipotea, angalia mpaka wa kii. Ukikuta ACMP imewaka, kii zilizo upande wa kushoto wa mpaka huo, ambao kiwandani huwekwa F#2, zinasomwa kama kodi. Besi ya kupiga kwa mkono irekodi ACMP ikiwa imezimwa.

Ukirekodi tena kwenye traki yenye kitu, cha zamani kinafutika na hakirudi. Hakuna kushona baa mbili zilizoharibika. Kwa hiyo jaribu upigaji mpya kwenye traki iliyo wazi, zima ile ya zamani, linganisha, ndipo ufute.

Skrini ikiandika "Writing!" usizime umeme, na betri zilizochoka usizitegemee wakati huo. Na ukinunua kinanda kilichokwisha kutumika chenye nyimbo unazozitaka, usikiwashe huku umeshikilia kii nyeupe ya mwisho kulia, kwani huko ni kukisafisha na nyimbo zinakwenda. Nakili kwanza kwenye flashi: wimbo unatoka kama faili ya midi, yaani maagizo yaleyale, si sauti. Ukiifungua kwenye kompyuta piano itasikika tofauti, kwa kuwa kompyuta inatumia toni zake. Ukitaka sauti ileile ya kinanda, rekodi moja kwa moja kwenye flashi kwa WAV, yaani faili ya sauti yenyewe, hadi dakika 80 kwa wimbo, karibu GB 0.9.