Kimya cha Langley na stoo ya dagaa

Juzi nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, nanasa sauti za tamthilia moja. Tulihitaji sekunde 30 tu za mtu anayenyata gizani ndani ya stoo ya dagaa. Boti zikaunguruma, makuli wakaitana, korongo akatua juu ya bati kwa kishindo. Jioni nikarudi nyumbani, nikavaa hedifoni na kufungua ule wizi wa Langley, makao makuu ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kwenye filamu ya Mission: Impossible ya 1996. Ndiyo dawa yangu kazi ikinishinda.

Wengi mnakumbuka picha: Tom Cruise ananing'inia kwenye kamba ndani ya chumba cheupe ambacho sauti, joto au uzito sakafuni vikizidi tu, king'ora kinalia. Mimi naomba mfumbe macho. Hakuna muziki! Mwongozaji, Brian De Palma, ameuondoa kabisa, na fikirini filamu hii imetokana na tamthilia ya televisheni iliyorushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1973, ambayo muziki wake ndio uliokuwa kitambulisho chake. Lalo Schifrin aliutunga kwa mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea, ndiyo maana ukijaribu kuupigia makofi unapotea njia.

Sasa, muziki ukitoka, kinabaki nini? Pumzi. Kamba inayosuguana. Vidole kwenye kibodi. Tone la jasho linateleza kwenye miwani, linadondoka, naye Cruise analidaka kwa kiganja kabla halijagusa sakafu. Tone hilo ni dogo mno, lakini masikio yako yameshaandaliwa kulingoja kama ngurumo. Hapo ndipo fundi wa sauti anapopimwa: sikio haliamini kimya mpaka lisikie kitu kidogo ndani yake.

Na kile kining'inio kilikaribia kushindikana. Cruise mwenyewe amesimulia kwamba kila aliposhushwa, kichwa kilizidi miguu kwa uzito, uso ukagonga sakafu. Wakarudia, wakarudia, muda ukayoyoma, De Palma akawa tayari kuachana na shoti hiyo. Cruise akawaomba mafundi sarafu za pauni, maana walikuwa wanarekodi Uingereza, akazitia ndani ya viatu. Safari hii miguu ikasawazisha kichwa. Akabaki amelala hewani karibu kabisa na sakafu, jasho linamchuruzika, na De Palma akaiacha kamera iendelee bila kusema kata. Fedha ya chenji ikaokoa tukio ambalo dunia nzima inalijua!

Kuna mengine: mkahawa wa Prague ambao matangi yake ya samaki yanapasuka ulimwaga takriban tani 16 za maji, na upepo juu ya treni ulitoka kwenye feni kubwa ndani ya studio. Ni makubwa, nayaheshimu, ila hayanifundishi kazi.

Kesho yake nikarudi Mwaloni saa kumi alfajiri. Sikungoja ziwa linyamaze, kwa sababu halinyamazi. Tukatundika nyavu kuukuu na mablanketi kwenye kuta za bati, mvumo wa nje ukafifia, kisha nikashusha maiki hadi kwenye kifundo cha mguu cha mwigizaji. Akapiga hatua moja. Chini ya kandambili yake, dagaa wakavu watatu wakavunjika, kach, kach, kach, na kila mtu mle stoo akazuia pumzi.