Kwa nini mtu mwenye uwezo hujiharibia usiku wa kuamkia usaili?

Siku ya usaili wa maandishi, foleni pale Chuo Kikuu cha Dodoma huanza asubuhi na mapema. Vijana wameshika bahasha za kaki zenye vyeti halisi, baadhi yao wameshuka kwenye basi jana yake jioni wakitokea Singida, Tabora au Kigoma. Wasikilize wanavyosalimiana, hutakosa kusikia: "Mimi hata sijasoma." Wapo wanaosema tu. Wapo pia ambao ni kweli kabisa: walikuwa na jioni nzima ya kupitia madaftari, wakakesha na simu hadi saa nane usiku. Kazi wanaitaka, na nauli wameikopa. Sasa kwa nini wakajihujumu?

Jibu linalotolewa haraka majumbani ni uvivu. Lakini uvivu haubagui siku. Kijana huyohuyo huenda wiki nzima iliyopita alikuwa anadamka kwenda kupogolea zabibu shambani kwa mjomba wake, bila kusukumwa. Kinachomshinda ni ule usiku mmoja wenye uzito.

Jibu la pili ni kwamba kuna mkono wa mtu, nyota yake imefunikwa. Naelewa linakotoka, kwa sababu anguko linalotokea kila mara karibu na mafanikio linafanana kweli na kitu kilichopangwa. Tatizo lake ni kwamba likishakubaliwa, hakuna tena anayeuliza kilichofanyika kati ya saa tatu na saa nane usiku.

La tatu ndilo linalouzwa kwenye semina za uhamasishaji: hajipendi, hajiamini, ndani ya moyo hataki kufanikiwa. Hili ndilo linalopotosha zaidi, maana lina chembe ya ukweli. Ni kweli ana shaka. Ila mara nyingi anayejihujumu hivi anaijali mno picha yake mwenyewe, na anachofanya usiku ule ni kuilinda.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, walichapisha jaribio la ajabu. Wanafunzi wa chuo walipewa maswali. Kundi moja likapata yanayojibika, jingine likapata mengi yasiyo na jibu. Wote wakaambiwa wamefanya vizuri sana. Kabla ya duru ya pili wakatakiwa kuchagua kati ya dawa mbili: moja ikielezwa kuwa inachangamsha akili, nyingine kuwa inaivuruga. Wanaume waliosifiwa bila kuelewa walistahili vipi ndio walioelemea ile ya kuvuruga. Kwa wanawake tofauti haikujitokeza wazi, kwa hiyo jaribio hili peke yake lisitumike kuwasemea binadamu wote. Hata hivyo, fikiria: mtu ametoka kusifiwa, na mara moja anachagua kitu cha kumharibia.

Mchezaji wa ndondo, yaani soka la mtaani, anayeingia uwanjani na bandeji kwenye goti lisilo na jeraha anatuonyesha hesabu yenyewe. Timu ikifungwa, watu watasema ni lile goti. Akifunga bao, watasema, "Na goti bovu vile!" Bandeji inamlipa pande zote mbili, mradi ifungwe kabla ya filimbi, akiifunga baada ya mechi hakuna atakayemwamini. Ndiyo maana "hata sijasoma" husemwa kwenye foleni, kabla ya karatasi kugawiwa. Anayeisema bila kukesha amevaa bandeji tu. Aliyekesha amelijeruhi goti lenyewe ili bandeji iwe ya haki, na hapo kisingizio kinaanza kumpunguzia alama kwelikweli.

Ukilitazama hivyo, sifa ya "Mjomba, wewe ni kichwa, kazi hii ni yako" haimsaidii. Inaipandisha bei ile picha anayoilinda. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili, badala ya juhudi, walikuwa na uvumilivu mdogo kuliko wenzao baada ya kushindwa. Somo la kubadili mtazamo, yaani kufundisha kwamba akili hukua kwa juhudi, nalo lisitiwe chumvi: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, somo fupi la mtandaoni la namna hiyo liliwasaidia wanafunzi wenye alama za chini, lakini wastani wa alama zao (GPA) ulipanda kwa kama pointi 0.1 tu.

Kinachobeba uzito zaidi ni mpango mdogo unaotaja wakati na tendo. Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walipounganisha matokeo ya majaribio 94 mwaka 2006, mipango ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi" ilisaidia watu kutimiza malengo kwa kiasi cha kuridhisha. Kwa kijana wetu ni hivi: ikifika saa tatu usiku, simu nampa shangazi, naichukua asubuhi. Pia kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 2010, mdogo lakini wa kutia moyo: wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kwa mtihani uliofuata. Kujisimanga hakukuwasogeza mbele.

Kwa hiyo kocha wa maisha mwenye manufaa, kwa maoni yangu, ni yule anayetaka kujua jana usiku ulifanya nini, saa ngapi, na ulikuwa unaogopa kuonekana vipi. Anayekupigisha makofi na kukutaka upaze sauti "Naweza!" anauza kitu kingine. Na kama usingizi umekata kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti na kila kitu kimekosa ladha, hiyo si kazi ya kocha hata awe mzuri vipi. Anza na daktari wa kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyopo hapahapa Dodoma.