Maji ya Lesotho Yaendayo Johannesburg: Dhana Potofu na Ukweli

Kila mwaka Lesotho hupeleka Afrika Kusini takriban mita za ujazo milioni 780 za maji kupitia mahandaki yaliyochongwa ndani ya milima. Popote biashara ya maji baina ya nchi inapojadiliwa, mradi huu hutajwa, na mara nyingi hutajwa visivyo.

Dhana: Lesotho inauza maji kwa lita, kama petroli.

Tuanze na mto wenyewe. Senqu huanzia Lesotho, huvuka mpaka bila kusukumwa na mtu, kisha huitwa Orange. Maji yake yangefika Afrika Kusini hata bila bwawa lolote. Shida ni kwamba hupita mbali na Gauteng, mkoa wenye Johannesburg na Pretoria. Mpango mbadala ulikuwa kuyaacha yateremke, kisha kuyapandisha kwa pampu hadi bonde la Mto Vaal, unaoilisha Gauteng, na umeme wa kazi hiyo ni ghali. Mabwawa ya Katse na Mohale huyakinga yakiwa bado juu. Kutoka Katse, kwa mteremko tu, hupita handaki la kilomita 45 hadi kituo cha umeme cha 'Muela chenye megawati 72, kisha handaki jingine la kilomita 37 hivi hadi Mto Ash, na hatimaye huingia Bwawa la Vaal.

Kwa hiyo Afrika Kusini hulipia mwinuko wa milima ile. Hesabu ya mrabaha, yaani malipo ambayo Lesotho hupata, hulinganisha gharama za njia hizo mbili. Kiasi kinachookolewa hugawanywa: asilimia 56 kwa Lesotho, 44 kwa Afrika Kusini. Sehemu ya mrabaha haibadiliki, na nyingine hufuata ujazo uliopitishwa. Ndiyo maana kuulinganisha na bili ya maji ya mkazi wa Johannesburg hakuna maana.

Dhana: Nchi inayouza maji ina maji ya kutosha kwa watu wake.

Mabwawa yamo kwenye makorongo ya nyanda za juu, ilhali Wasotho wengi wanaishi nyanda za chini za magharibi, ukiwemo mji mkuu, Maseru. Huko ilibidi lijengwe bwawa jingine kabisa, Metolong. Hata milimani, vijiji vingi viko juu ya ziwa: mtu huyaona maji kila asubuhi, lakini bila pampu na bomba hayamfikii.

Dhana: Mto chini ya bwawa hupungua tu, lakini huendelea kuishi.

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, na ndipo panapozungumzwa kidogo mno. Mahandaki hupitisha wastani wa mita za ujazo 25 kwa sekunde. Mpango wa awali uliruhusu nusu mita tu ya ujazo kwa sekunde kubaki mtoni chini ya Katse. Na kiasi si tatizo pekee. Mto huhitaji mafuriko madogo ya msimu ili kusukuma tope, kusafisha changarawe ambamo samaki hutaga, na kunywesha nyasi na miti ya kingoni ambayo wanavijiji hutumia kwa malisho, kuni na dawa. Mtiririko ulio sawa mwaka mzima hauifanyi kazi hiyo. Miaka ya mwanzo ya 2000, baada ya uchunguzi wa mito, viwango vya kuachia maji viliongezwa na jamii za chini ya mabwawa zikaingizwa kwenye fidia.

Kuna na samaki mdogo wa mito ya Maloti, milima ya Lesotho, asiyepatikana popote nje ya milima hiyo. Kwenye Mto Senqunyane, ambako Mohale limejengwa, maporomoko yalimkinga dhidi ya samaki wakubwa. Handaki la kilomita 32 kati ya Katse na Mohale liliwafungulia samaki hao wakubwa njia ya kuyakwepa maporomoko.

Uzito wa maji nao una matokeo. Katse lilipoanza kujaa mwishoni mwa 1995, ardhi ilitetemeka, na kijiji cha Mapeleng kikapata ufa wa takriban kilomita moja na nusu.

Upande wa mnunuzi haukusalimika. Mto Ash ulikuwa kijito. Ulipobebeshwa maji mengi kiasi hicho, kingo zilimomonyoka vibaya, ikabidi vijengwe vizuizi vya kupunguza kasi.

Dhana: Mwenye chanzo ndiye mwenye nguvu, maana anaweza kufunga maji.

Januari 1986 Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi iliifungia Lesotho mipaka, serikali ikapinduliwa, na mkataba wa maji ukatiwa saini na watawala wa kijeshi tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo. Septemba 1998, majeshi ya Afrika Kusini yalipoingia Lesotho kwa jina la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Katse lilikuwa miongoni mwa shabaha za kwanza, na wanajeshi wa Lesotho waliuawa hapo. Kijiografia Lesotho imezungukwa pande zote na mteja wake.

Dhana: Ni suala la nchi mbili tu.

Orange huishia baharini kwenye mpaka wa Namibia, ambayo mwaka 1986 ilikuwa bado chini ya Afrika Kusini na haikuwa na sauti. Tume ya pamoja ya Botswana, Lesotho, Namibia na Afrika Kusini iliundwa mwaka 2000 tu. Sasa Bwawa la Polihali linajengwa kwenye Senqu yenyewe, likiwa na handaki la kilomita 38 hadi Katse. Likikamilika, maji yatakayoelekezwa Vaal yataweza kufikia mita za ujazo milioni 1,270 kwa mwaka, na hayo yote yatatolewa kwenye mto ambao Namibia iko mwisho wake.