Mama wa la saba, mtoto wa fomu wani: tunayodanganyana pale sokoni

Mi nauza mitumba soko la Mwanjelwa, Mbeya, na pale mezani kwetu kama hamna wateja mada ni mbili tu, marejesho ya vikoba na watoto. Mwaka huu wangu kaingia fomu wani, ana miaka 13, basi ushauri niliopewa tangu Januari unajaza belo zima. Mwingi ni wa uongo jamani. Sio kwamba wenzangu wana roho mbaya, ni vitu tumerithishana, na mi mwenyewe nimeviamini nikavifanya, ndo maana nasema.

Kubwa kuliko yote ni hili: "Mama wa la saba hana la kumsaidia mtoto wa sekondari, kule kila kitu Kiingereza." Nililiamini mpaka nikaacha hata kushika madaftari yake, nikasema kazi yangu sasa ni sare, michango na nauli basi. Sasa siku moja mwezi wa pili tuko shamba Inyala tunapalilia, nikamuuliza tu kwa kuboreka, mbona mahindi ya chini ya mparachichi yamekuwa manjano membamba na yale ya katikati yamenona? Akasema mama si hayapati jua, chakula yatatengenezea wapi. Akaanza kunipa usanisinuru wote aliosoma msingi, maji yanapanda kutoka kwenye mizizi, hewa ya kabonidayoksaidi inaingia kwenye majani, mwanga unafanya kazi yake, alafu ghafla kasimamisha jembe. "Kumbe ile fotosinthesisi ya Bailojia ndo hii hii!" Na wiki nzima alikuwa anaikariri kama sala ya Kilatini.

Kwa hiyo ukweli ni kwamba jibu si lazima mzazi ulijue. Wewe uliza, umwache aeleze kwa lugha anayoimudu, iwe Kiswahili iwe Kinyakyusa cha bibi yake. Kiingereza bado atakihangaikia, sikatai, lakini atakuwa anatafuta maneno ya kitu ambacho tayari kipo kichwani. Na hili sio la mimi muuza mitumba tu. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Hill na Diana Tyson, walikusanya tafiti 50 kuhusu wazazi wa watoto wa umri huu huu, wale waliotoka utoto lakini ukubwani hawajafika. Kilichoonekana kuendana na matokeo mazuri kuliko vingine ni mzazi kuongea na mtoto, kwa nini anasoma, anataka kufika wapi, somo linaingiaje kwenye maisha. Kumsaidia kazi za shule hakukuonyesha faida hiyo, tena kulienda kinyume, ingawa hapo tuwe wakweli, anayesaidiwa mara nyingi ni yule ambaye tayari hali yake mbaya.

Haya, la pili. "Anayetaka kufaulu halali." Hili huku kwetu kwenye baridi linageuka mateso kabisa, mwezi wa sita na wa saba unamkuta mtoto kajifunga blanketi, miguu kwenye beseni la maji ya baridi ili asisinzie, Mbeya hii hii! Mi wangu nilikuwa namwacha mpaka saa tano usiku alafu saa kumi namwamsha, najiona mama bora. Hayo ni masaa matano. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo 2016, mtoto wa miaka 6 mpaka 12 alale masaa 9 mpaka 12, wa miaka 13 mpaka 18 alale 8 mpaka 10, na kichwa kinatunza ulichosoma mchana wakati umelala, sasa mi nilikuwa namnyang'anya usingizi ili akumbuke. Siku hizi saa tatu na nusu taa inazimwa na simu inalala kwangu.

Lingine wanasema asome daftari arudie rudie mpaka liingie. Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima 2006, kundi moja la wanafunzi likarudia kusoma, lingine likasoma likafunga likajaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia ndo walikuwa juu. Baada ya wiki wakapitwa. Unaona utamu wake ulipo, mtoto akirudia anajiona anajua, na hapo hapo kweli anajua, mtihani ukija hamna kitu. Mi nachofanya nafungua daftari lake wakati tunamenya ndizi, nasoma neno alilopigia mstari, nalitamka vibaya anacheka, namwambia haya nieleze, akimaliza namgeuzia aangalie mwenyewe kapatia wapi kakosea wapi. Nachanganya na ya wiki mbili nyuma, hapo ndo anakasirika.

Tuisheni? Inasaidia kama kuna kitu hajaelewa na mwalimu anakirudia kwa utulivu. Kama ni kwenda kunakili noti zingine wamejazana sitini, mi naona bora alale. Na vitabu visitutishe, Taasisi ya Elimu Tanzania wameviweka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, unasoma kwa simu.

Juzi nikamweleza dada wa meza ya viatu, yeye wake yuko la sita. Akanishangaa, "Kwa hiyo wewe unamuuliza tu?" Nikamwambia ndio, namuuliza tu. Jioni akaenda kujaribu, kesho yake kaja anacheka hajiwezi. Eti mtoto kamtazama, kaweka kijiko chini, kamuuliza, "Mama, shule wamekupigia simu?"