Blanketi la viraka haliharibiwi na viraka

Hapa Ujiji ukimwonyesha mtu blanketi la viraka atakwambia, "Likifuliwa mara moja tu, kwisha." Eti kuunga vipande ndiko kunakoliharibu. Si kweli.

Kosa hufanyika kabla cherehani haijagusa kitambaa. Pamba mpya hunywea ikiingia majini. Poliesta hainywei, au kidogo mno. Shona kitenge cha pamba ubavuni mwa kipande cha poliesta, kisha loweka: kitenge kinavuta, jirani yake hasogei, blanketi zima linajikunja kama uso wa aliyelamba ndimu.

Kwa hiyo mabaki unayoomba kwa fundi yafue kwanza, yaanike, yapige pasi, ndipo ukate. Huna hakika ni pamba? Chomoa uzi, uwashe kiberiti: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Halafu kuna ubahili wa mshono. Ukishona ukingoni kabisa, nyuzi zitachomoka. Acha robo inchi, kama milimita 6, kila upande. Udogo wa kipande wenyewe hauna neno. Mimi naunga hata vya upana wa vidole vitatu, na nyumbani wananicheka.