Majani Yanayodondoka Shuleni Si Taka

Wiki hii nimeingia shule nyingine saa moja asubuhi, nikakuta yale yale. Watoto wa darasa la nne wameinama na fagio za chelewa, vumbi limewajaa hadi kope, na pembeni rundo la majani ya mkungu na mwembe linafuka moshi. Mwalimu wa zamu akanieleza kwa kujiamini: "Tunachoma tupate majivu, afisa. Majivu si mbolea?"

Dhana: Ukichoma majani unapata mbolea

Hili nimelisikia mpaka nimechoka. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi, sikatai. Lakini naitrojeni, ambayo ndiyo mchicha wa bustani ya shule unaililia, karibu yote huondoka na moshi, pamoja na kaboni ambayo ingeshika unyevu ardhini. Kinachobaki ni unga mwepesi unaopeperushwa na upepo wa alasiri. Moshi wenyewe una chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mtoto mwenye pumu hapaswi hata kusimama karibu, seuze kutumwa kuuchochea moto.

Badala ya kuchoma, ozesheni majani yawe mboji, yaani mbolea ya majani yaliyooza. Jengeni lundo kivulini, mita 1 kila upande na mita 1 kwenda juu. Pangeni tabaka la majani makavu, tabaka la nyasi mbichi au maganda ya jikoni, samadi kidogo, kisha maji. Toeni plastiki zote kwanza. Majani makavu yakiwa peke yake huchelewa sana kuoza kwa sababu naitrojeni yake ni ndogo. Nyasi mbichi na samadi ndizo zinazolitia lundo joto. Ligeuzeni kila wiki 2. Ukishika konzi moja ya lundo hilo mkononi, iwe na unyevu bila kuchuruzika maji. Miezi 3 hivi ikipita mna mboji nyeusi, inayonukia kama udongo ulionyeshewa.

Dhana: Uwanja safi hauna jani hata moja

Tazameni mwembe wa mbele ya ofisi. Mizizi yake iko nje, na haikuota hivyo. Kila asubuhi fagio huchukua udongo kidogo, mvua za masika zikaumalizia. Fagieni njia na mbele ya madarasa. Chini ya miti, yaacheni majani yalale.

Dhana: Majani huzaa mbu

Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Zibueni mifereji iliyozibwa na majani, basi.

Dhana: Majani huleta nyoka

Hapa pana ukweli. Nyoka hujificha kwenye malundo, kwa hiyo lundo likae mbali na madarasa, na mtoto asichote majani kwa mikono mitupu. Nunueni reki, hata mbili tu.

Dhana: Majani yote ni sawa

Ya mkaratusi huzuia mbegu kuota. Yaozesheni kando, yasimwagwe mabichi kwenye matuta.

Na jambo ninalolisema kila shule: nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Ndoo chache tu, na watoto hawataingia darasani wakikohoa.