Simuleta ya mbio za magari: ni nini, na inamfundisha dereva nini

Simuleta ya mbio ni mtambo wa usukani, pedali na skrini, ambao kompyuta yake hukokotoa kile ambacho gari la kweli lingefanya: uzito umehamia tairi gani, tairi hilo limebakiza mshiko kiasi gani, na hewa inalikandamiza gari kwa nguvu gani. Ukikanyaga breki kupita kiasi kwenye gari la Formula 4 (daraja la mbio la madereva wanaoanza), ambalo halina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasikwame, magurudumu ya mbele hukwama na gari huenda moja kwa moja hadi kwenye kokoto, hata ukate usukani namna gani.

Kwamba mtambo huu unaweza kutoa dereva si jambo la kubishaniwa tena. Mhispania Lucas Ordóñez alishinda GT Academy, shindano lililoanzia kwenye gemu, mwaka 2008. Mwaka 2011 alimaliza wa pili katika daraja la LMP2, la pili kwa kasi, kwenye Saa 24 za Le Mans, mbio za Ufaransa za mchana na usiku mzima. La kuuliza ni nini hasa kinachofundishika. Jibu ni mguu na macho.

Tuanze na mguu. Katika gari la kweli dereva huisikia breki kwa mwili mzima: mikanda inambana kifua, kichwa kinavutwa mbele. Kwenye simuleta mwili umetulia, kwa hiyo habari yote lazima ipitie pedalini. Pedali za bei ya chini hupima umbali iliokanyagwa. Pedali nzuri hupima nguvu, kwa kifaa kilekile kilichomo ndani ya mizani ya kielektroniki, na nguvu ndiyo ambayo mguu huikumbuka. Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua pedali ya namna hiyo kabla ya usukani wa gharama. Iweke ifike asilimia 100 kwa kilo 40 hadi 60 za nguvu, na uifunge kwa boliti kwenye fremu moja na kiti. Kiti cha ofisi chenye magurudumu kitarudi nyuma kila unapofunga breki, na mguu utajifunza kuogopa kukanyaga.

Macho yanategemea pembe ya kuonea, yaani upana wa mandhari ambao programu huonyesha kwenye skrini, na hapa ndipo wengi hukosea. Skrini ya inchi 27 ina upana wa karibu sentimita 60. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, pembe sahihi ya mlalo ni takriban nyuzi 53. Programu ikiuliza pembe ya wima, weka 31. Watu huweka 80 au 90 ili waone vioo vya pembeni. Matokeo yake kona huonekana iko mbali kuliko ilivyo, mwendo huonekana mkali kuliko ulivyo, na alama ya breki uliyojizoeza haitakufaa ukiingia kwenye gari la kweli.

Jambo linalostahili saa nyingi kuliko yote ni namna ya kuachia breki. Chukua kona ya kwanza ya Monza, uwanja wa mbio wa Italia, ambako magari ya GT3 (magari ya michezo yaliyorekebishwa kwa mbio) hufika na zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Kanyaga kwa nguvu mara moja ukiwa umenyooka, ukiongozwa na vibao vya umbali vya kandokando ya barabara. Kadiri mwendo unavyopungua, hewa hupunguza kulikandamiza gari, kwa hiyo punguza nguvu ya mguu. Unapoanza kukata usukani, endelea kuachia kidogokidogo hadi karibu na kitovu cha kona, yaani pale gari linapokaribia zaidi ukingo wa ndani. Uzito unaobaki mbele ndio unaoyapa matairi ya mbele mshiko wa kugeuka. Ukiachia ghafla, pua hunyanyuka na gari hukataa kugeuka. Ukichelewa kuachia, mkia hutoka.

Huwezi kujua unafanya lipi kwa kuhisi tu. Endesha mizunguko 10 kwa mafuta yaleyale, matairi yaleyale na hali ya hewa ileile, kisha fungua grafu ambazo programu imerekodi za breki, pedali ya mafuta na usukani. Mizunguko ikitofautiana kwa zaidi ya nusu sekunde, usiguse springi wala bawa; tatizo bado ni dereva. Linganisha na grafu ya aliye na kasi kukuzidi, tafuta kona moja unayopoteza muda mwingi, ushughulike na hiyo peke yake. Ukitoka nje ya barabara, usibonyeze kitufe cha kuanza upya. Rudi polepole, umalize mzunguko, maana kitufe hicho hujenga tabia ya kuendesha kupita uwezo wa gari.

Kwenye rali faida ni ndogo zaidi. Vumbi la volkano la Naivasha, kwenye Safari Rally, hubadilika kila gari linapopita, na mfereji uliochimbwa na matairi asubuhi si ule wa mchana. Mazoezi ya kusikiliza noti za msaidizi, anayemsomea dereva kona zinazokuja, hufaa hata hivyo.

Siku ya kwanza uwanjani, chukua kutoka kwenye simuleta gia ya kila kona na mpangilio wa kona, lakini anza kufunga breki kibao kimoja mapema. Matairi na breki bado ni baridi, na shingo yako haijawahi kubeba uzito wa kofia ya mbio chini ya nguvu za breki na kona.